Mvinyo wa Duarani

Nyarugusu ukichimba shimo la choo, watu hupita taratibu. Ukichimba shimo la kupanda mpapai, atasimama mtu akusalimie, aulize habari za watoto, aulize habari za mvua, na muda wote macho yake yatakuwa kwenye udongo uliotoa. Siwalaumu, nimezaliwa hapa hapa. Mimi mwenyewe jirani akivaa viatu vipya naangalia kwanza kucha zake kama zina tope jekundu. Tumekua hivyo. Kila siri tunaidhania kuwa dhahabu mpaka ithibitike kuwa kitu kingine.

Sasa tufikirie sisi. Nyuma ya nyumba yetu kuna duara, yaani shimo la wachimbaji, limekwenda chini moja kwa moja kama kisima, kisha likakata kona na kuwa chumba. Juu yake kuna winchi ya magogo na kamba. Kila tulipoulizwa tunaweka nini humo, tulijibu kwamba tunaweka mvinyo. Watu walicheka kwa heshima, wakaaga. Hakuna aliyetuamini, na kusema kweli ningekuwa mimi wao nisingeamini pia.

Duara lenyewe alilichimba baba yangu nilipokuwa msichana. Alilichimba kwa misimu mingi, hakupata kitu isipokuwa maumivu ya mgongo, akarudi kwenye mihogo yake na hakutaka mtu alitaje tena. Alipofariki shamba likawa langu, kilima kizima na shimo lake.

Mume wangu si mtu wa huku. Kwao ni Dodoma, na kwao wanalima zabibu tangu enzi za babu yake. Yeye na mdogo wake waliziacha hizo zabibu wakaja kutafuta dhahabu, na ndiko tulikokutana, akiwa na kofia yenye tochi na cheko la mtu anayeamini wiki ijayo atakuwa tajiri. Tulikuwa na mtoto wetu wa kwanza mgongoni wakati duara la kilima cha pili lilipomfunika shemeji yangu. Ilikuwa masika na ardhi imelowa. Mume wangu alikuwa juu ameshika kamba. Walimtoa shemeji akiwa ameshakata roho, tukamsafirisha kwao kumzika, na pale makaburini, mbele ya mama yake, mume wangu akaapa kwamba hatashika tena nyundo wala moko, ile patasi ya kuchongea mwamba. Tulirudi na mzigo wa vikonyo vya mizabibu vilivyofungwa kwenye gunia bichi. Njia nzima alikuwa anavimwagia maji kwa kiganja.

Ndiyo maana naipenda mizabibu hii kuliko inavyostahili. Sikuipenda kwa ajili ya zabibu. Niliipenda kwa sababu ilimtoa mume wangu shimoni, na kila niliyoifanyia, niliifanya ili asirudi.

Kilima chetu kina ubaridi. Asubuhi za kiangazi ukungu unakaa kwenye mteremko mpaka chai imekwisha kunywewa, na upepo wa ziwa unafika ukiwa bado una unyevu. Kwao Dodoma zabibu zinaiva haraka na kuwa tamu. Zetu zinajivuta, zinabaki na ukali fulani ulimini, na mwanzoni mume wangu alidhani zimekataa. Mimi niliupenda ule ukali. Mama yangu alikuwa mpishi wa pombe, na pua yake nimeirithi, kwa hiyo kazi ya kukamua, kuchachusha na kuamua lini pipa lifungwe ikawa yangu. Hatukunyunyiza dawa za dukani. Tulitumia samadi ya mbuzi, nyasi kavu za kufunika udongo, majivu, na maji ya mwarobaini. Kumwagilia tulitumia maji ya mvua ya kwenye tangi tu, maana kijito cha bondeni wanaoshea mchanga kwa zebaki, na siwezi kumnywesha mtu kitu ambacho mizizi yake imekunywa zebaki.

Shida ilikuwa joto la ndani ya nyumba. Mvinyo wa kwanza tuliuweka stoo, chini ya bati, ukageuka siki. Ndipo mume wangu akalikumbuka duara la baba. Alishuka na tochi, akapanda akiwa anatabasamu, akasema kule chini ni baridi mwaka mzima, hakuna mwanga, hakuna kelele, waini italala kama mtoto. Akaweka magogo mapya ya kuzuia kuta, akatengeneza winchi, tukaanza kuteremsha mapipa.

Nilipotaka kushuka kuona yalivyopangwa, akanizuia.

"Mwanamke haingii duarani, mama watoto. Unajua."

Najua, ndiyo. Kila mtoto wa Nyarugusu anajua. Wachimbaji wanasema mwanamke akikanyaga shimoni dhahabu inakimbia, mwamba unabaki mweupe mtupu, na shimo hilo halifai tena. Nimewaona wanaume wazima wakiacha duara walilolichimba kwa miezi kwa sababu mke wa mmoja wao alishuka kumpelekea uji.

"Lakini humo hamna dhahabu," nikamwambia. "Humo mna mapipa yangu."

"Mwiko ni mwiko."

Nikamwachia kamba yake. Nilidhani ni mazoea tu ya mtu aliyeishi na wachimbaji, kama wale wanaoacha jeshi na bado wanaamka kabla ya jogoo. Basi kwa miaka mvinyo niliokuwa nautengeneza kwa mikono yangu ulikuwa unalala mahali nisipopajua. Yeye alishuka, yeye aliyapanga mapipa, na kila mara alinipandishia chupa moja ya kuonja.

Mwaka juzi chupa zikaanza kunisumbua.

Mvinyo ukitulia, uchafu wake unakaa chini na juu kunabaki safi, unaweza kuona kidole chako upande wa pili. Chupa aliyoniletea ilikuwa na ukungu. Nikadhani ameitikisa akipanda. Ya mara iliyofuata ilikuwa hivyo hivyo. Nikamwambia aache mapipa yatulie, asiyaguse, akasema hayagusi. Nikainusa ile chupa kwa nje. Ilinuka vumbi la mawe. Hilo ni vumbi ninalolijua tangu utotoni, lilikuwa kwenye mashuka ya baba.

Nitasema ukweli kuhusu yale niliyoyawaza, maana mawazo ya mtu mwenye wasiwasi hayana aibu. Kwanza niliwaza anakunywa. Nikawa namsogelea jioni nikijifanya natoa jani kwenye kola yake ili nimnuse. Hakunuka kitu isipokuwa sabuni. Kisha nikawaza anauza kwa mlango wa nyuma na kujaziliza mapipa maji, nikapima kwa ulimi, nikakuta mvinyo uko vile vile. Kisha nikawaza mwanamke, ingawa mwanamke wa kukubali kukutania shimoni ningependa nimwone. Kila jibu lilikataa, na mimi nikawa namtazama akila, namtazama akicheka na watoto, najiuliza huyu ni nani. Kelele zozote za kule chini nisingezisikia. Bondeni makarasha, mashine za kusaga mawe, yananguruma toka asubuhi mpaka jua linazama, na ukiishi hapa unayazoea mpaka unadhani ndiyo ukimya.

Halafu mstari wa juu ukaanza kukauka.

Ilikuwa katikati ya mvua, wakati mizabibu yote inatakiwa iwe inachanua majani. Mistari ya chini ilikuwa kijani mpaka unajisikia kuimba. Ule wa juu, ulio jirani na duara, majani yalikunjamana, yakawa ya njano, yakadondoka. Nilichimba kidogo kando ya shina, udongo ulikuwa na unyevu. Nikatafuta mdudu, hakuna. Mume wangu alikuja akasimama pembeni yangu, akatazama, akasema labda ni uzee. Mizabibu ya mistari ya chini ilipandwa siku ile ile. Nilimwangalia usoni naye akawa anaangalia kilima cha pili.

Hapo ningepaswa kumshuku yeye. Lakini wasiwasi una tabia ya kumkwepa mtu unayelala naye na kumrukia wa mbali. Nikamrukia jirani.

Mama huyu anakaa nyuma ya uzio wetu wa juu, upande wa njia ya bondeni. Ni mtu wa Mhunze, alikuja huku kwa ajili ya machimbo baada ya mumewe kufariki, na kazi yake ni kuponda mawe. Wanaume wanamletea viroba vya mawe, naye anayaponda kwenye kinu cha chuma mpaka yanakuwa unga, kisha unga unaenda kuoshwa. Kila mara nimemwona na beseni, na kwenye beseni maji ya kijivu. Nikaamua ni yeye. Anamwaga maji ya zebaki juu ya uzio, yanateremka kwenye mstari wangu. Kila kitu kikakaa sawa kichwani mwangu, na nikajisikia vizuri kidogo kwa kuwa nimepata mtu.

Nilikwenda asubuhi. Alikuwa ameketi kwenye kigoda, mchi wa chuma mkononi, nywele zimejaa vumbi jeupe. Hasira haimpi mtu ruhusa ya kukosa adabu, kwa hiyo nikamwamkia kwanza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mwangaluka."

"Mhola," nikamjibu kwa Kisukuma chake, na mhola maana yake ni salama, ingawa sikuwa na salama yoyote. Kisha nikamweleza yote, mizabibu yangu inayokufa, beseni lake, maji yake, na kwamba ana roho mbaya ya kutia sumu kitu cha watu wasiomkosea. Niliongea kwa muda. Yeye aliendelea kuchekecha unga wake. Nilipomaliza akasema neno moja tu, "Nimesikia," nikaondoka nikiwa na hakika zaidi kuliko nilivyokuja.

Baada ya siku chache mume wangu alisafiri kwenda Isaka kufuata chupa tupu kwa jamaa yake anayeendesha lori. Alisema atarudi kesho yake. Hajafika hata kituoni, mama yule akabisha hodi uani kwangu. Alikuwa amejifunga kitenge safi, na mkononi ana kiroba kidogo kilichofungwa.

Hakuketi. Akakifungua kiroba, akamimina mawe kwenye ardhi mbele yangu. Yalikuwa mawe meupe yenye mishipa ya kutu.

"Haya yametoka kwako," akasema. "Siku za mnada, wewe ukienda kuuza, mumeo ananiletea. Tangu mvua zilivyoanza ninayaponda. Nilijua unajua. Mtu anamfichaje mke wake jiwe? Ulipokuja kunitukana ndipo nikaona kumbe hujui. Mimi nimeitwa mambo mengi, lakini mtia sumu sijawahi kuitwa."

Niliangalia yale mawe. Nikaketi mimi, kwenye ndoo iliyopinduliwa. Nikamuuliza swali ambalo hata sasa silipendi, lakini kwa mtu wa Nyarugusu ndilo linalotoka lenyewe.

"Kuna kitu?"

"Kipo kidogo," akasema. "Cha kumtesa mtu tu."

Nikamwomba radhi. Akasema radhi ataipokea baadaye, kwanza niende nikaangalie. Alisema hivyo kana kwamba kushuka duarani ni kwenda dukani, na hakuutaja mwiko, nami sikuutaja.

Nilivaa suruali ya kazi ya mume wangu na kofia yake ya tochi. Mama yule akanifunga kamba kiunoni, akashika winchi kwa mikono inayoponda mawe, na sijawahi kujisikia niko salama kwenye mikono ya mtu kama nilivyojisikia kwake. Kutani kuna vidato alivyovichonga baba. Nilishuka nikikanyaga kimoja kimoja, na ubaridi ukanipokea miguuni, ukapanda mpaka kifuani. Kisha harufu. Ilikuwa mvinyo wangu, harufu yake nzuri na kali, na juu yake vumbi.

Mapipa yalikuwa yamepangwa vizuri, hilo nalisema kwa haki. Alikuwa ameyaegemeza kwa mawe na kuyaandika kwa chaki. Lakini kila mfuniko ulikuwa na tabaka la unga mweupe, na nyuma ya pipa la mwisho limening'inizwa gunia kama pazia la jikoni. Nikalisukuma.

Nyuma yake palikuwa na tundu jipya. Mtu angepita kwa kutambaa tu. Lilikwenda mbele likifuata mwamba mweupe wenye mishipa ile ile ya kutu, na hakukuwa na gogo hata moja la kulishikilia. Udongo wa juu ulikuwa unadondosha maji. Nilitambaa kidogo, nikainua tochi, nikaona mizizi.

Mizizi ya mizabibu yangu ilikuwa inaning'inia kutoka darini. Sikujua kwamba inafika mbali hivyo. Mingine ilikuwa minene kama kidole, imekatwa kwa moko, na sehemu iliyokatwa imekuwa nyeusi. Mingine ilikuwa bado hai, myembamba, inatoa tone la maji. Nikaushika mmoja. Nilikuwa chini ya mstari wa juu, chini kabisa ya ile mizabibu niliyokuwa naichimbia mashina nikitafuta mdudu, na kumbe mdudu ndiye aliyenioa.

Nililia, sitaki kuficha. Nililia kwa hasira, kisha nikalia kwa hofu, maana niliona mahali anapolala kifudifudi kupiga nyundo, udongo umechukua umbo la kifua chake, na juu ya umbo hilo dari imepasuka. Shemeji yangu alifunikwa na dari kama hiyo. Kumbe jioni zote nilizokuwa namnusa kola nikitafuta pombe, alikuwa anatoka hapa.

Nilipopanda, mama yule aliniangalia uso. Akanifungua kamba.

"Shuka na wewe," nikamwambia.

Akasita. "Mimi?"

"Umeponda mawe yao miaka yote. Hutaki kuona yanakotoka?"

Akacheka kwa mara ya kwanza, cheko fupi la kukohoa vumbi. Akajifunga kitenge vizuri, akashuka. Alikaa huko muda mrefu kuliko mimi, akarudi na kusema mume wangu hana akili, na kwamba mvinyo unanukia.

Ndipo nilipomweleza nilichokuwa nataka. Nilitaka asambaze habari. Bondeni kwenye mialo wanakooshea mchanga, kwenye makarasha, kwa mama ntilie, kwa vijana wa bodaboda, kote aseme kwamba wanawake wawili wameingia duara la kwetu, wamekaa, wametambaa mpaka mwisho wa tundu, na mmoja wao amelia humo. Nilijua ninachohatarisha. Kusema hivyo ni kukiri kwamba palikuwa na mwamba wa dhahabu. Lakini hapakuwa na mtu mji mzima ambaye hakutushuku tayari, na niliona heri wajue dhahabu imekimbia kuliko waendelee kudhani ipo. Kama mimi nauamini mwiko huo? Siuamini. Lakini sikuhitaji kuuamini. Nilihitaji yeye auamini, na wenzake wote ambao siku moja wangekuja kumshawishi.

Mama yule akaondoka na habari hiyo akiwa na furaha ya mtu aliyetukanwa bure na sasa amepewa kazi nzuri.

Mume wangu alirudi kesho yake alasiri. Aliyemleta ni bodaboda, makreti ya chupa yamefungwa nyuma yake, na nilipoona anavyoshuka nikajua ameshaambiwa. Alimlipa kijana bila kumtazama. Akayaweka makreti chini, akaketi juu ya moja. Alikuwa na vumbi la barabara mpaka kwenye kope. Mimi nilibaki mlangoni. Tangu asubuhi nilikuwa naandaa maneno. Kama angesema nimemharibia, ningemtajia mdogo wake. Kama angesema ni shamba la wote, ningemwambia lilikuwa la nani. Kama angekana, nilikuwa nimeukata mzizi mmoja mweusi na ulikuwa mfukoni mwangu.

"Mlishuka wote wawili?" akauliza.

"Wote wawili. Na leo asubuhi nimeshuka tena peke yangu, nimefuta mapipa. Kesho nashuka."

Akavua kofia. Akaitazama ndani kana kwamba kuna kitu kimeandikwa humo.

"Basi imekwisha," akasema.

Nikasubiri ainuke. Nilijua akikasirika anavyoinuka, na nilikuwa tayari. Hakuinuka. Alikaa hapo kwenye kreti, makarasha yakinguruma bondeni, na mabega yakaanza kumshuka taratibu, kama mtu aliyetua mzigo na bado hajaamini kwamba hana kitu kichwani. Kisha akainua uso akanitazama, na macho yake yalikuwa yamelowa.

"Kwa nini hukushuka mapema?" akaniuliza.

Sikujua kama ananilaumu au ananishukuru, na mpaka leo sijui. Nikautoa ule mzizi mweusi mfukoni, nikamwekea kiganjani.